Mwalimu wa Kiingereza Naye Anahitaji Kikundi

(Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa ili isomwe kwa sauti katika mikutano yenu. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.)

Najua leo mna mambo mengi. Kuna habari ya tangi la maji, kuna mbuzi wa maziwa, na mweka hazina naye anangoja kusoma hesabu. Kwa hivyo sitawaweka sana.

Nimeombwa niongee juu ya walimu wa Kiingereza. Naona wengine mnatazamana. "Sisi na Kiingereza ni wapi na wapi? Hiyo si kazi ya serikali?" Ngojeni kidogo. Mkinisikiza mpaka mwisho mtaona kwamba jambo hili limo ndani ya uwezo wenu, na pesa zake si nyingi.

KWA NINI LITUHUSU

Katika shule zetu, mtoto wa gredi ya kwanza mpaka ya tatu anatakiwa afundishwe kwa lugha ya pahali anapoishi, au kwa Kiswahili ikiwa pana watu wa lugha nyingi. Kiingereza hapo ni somo moja kati ya mengine. Akifika gredi ya nne mambo yanageuka. Sayansi ni kwa Kiingereza. Kilimo ni kwa Kiingereza. Hata hesabu, zile za maneno, ni kwa Kiingereza. Sasa Kiingereza kimekuwa mlango wa kuingilia masomo mengine.

Mnaona shida iko wapi? Mtoto wa mfugaji anamjua mbuzi vizuri sana. Anajua mbuzi mgonjwa anasimama vipi, anajua majani gani humvimbisha tumbo. Lakini swali la mtihani limemjia kwa maneno asiyoweza kuyasoma. Anakisia. Anapata mbili kwa kumi, na sisi tunasema, "Huyu kichwa chake ni kigumu." Kichwa si kigumu. Ni mlango uliofungwa.

Na Kiingereza chenyewe kina ugumu wake. Kiswahili kina vokali tano, na ukizijua umezijua. Kiingereza kina sauti za vokali kama ishirini, lakini herufi za kuziandika ni zile zile chache. Tazama neno cut na neno put. Yametofautiana kwa herufi ya kwanza tu, lakini hayasomwi sawa. Tazama cough na though. Mtoto aliyezoea kusoma neno vile lilivyoandikwa atapotea hapo. Tena kuna ulimi wa nyumbani. Katika sehemu nyingine watoto huchanganya l na r. Mtoto anataka kusema amekula rice, anasema amekula lice. La kwanza ni wali, la pili ni chawa!

Mambo haya yana njia za kuyafundisha. Ni ufundi, kama ufundi wa fundi wa mbao. Mwalimu ambaye hajaonyeshwa ufundi huo atafanya nini? Ataandika ubaoni, atasoma, na darasa zima litamfuata kwa wimbo. Halafu atauliza, "Andastendi?" Darasa litajibu, "Yees!" Watoto sitini wamejibu. Waliofahamu huenda ni kumi.

Simlaumu mwalimu huyo. Alitoka chuoni miaka mingi iliyopita. Tangu siku hiyo amekuwa peke yake na chaki yake. Ninyi mkiona mahindi yanageuka manjano mnaulizana katika kikundi. Yeye atamwuliza nani?

YALIYOJARIBIWA HAPA KWETU

Hapa Kenya watu wamejaribu njia mbalimbali za kumsaidia mwalimu wa Kiingereza. Nitawapa nne, halafu tuone zinatufundisha nini.

Ya kwanza ni redio. Kati ya 1980 na 1985 kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza, la pili na la tatu. Kila kipindi kilikuwa cha nusu saa. Redio hiyo haikusema tu. Iliuliza swali, halafu ikanyamaza kidogo ili watoto wajibu. Iliwaambia wasimame, wainue kitabu, wamwulize mwenzao jambo. Mwalimu alikuwa pale pale akisaidia. Watoto hao walipopimwa, walisikia na kusoma Kiingereza vizuri kuliko wale ambao hawakuwa na redio. Siri ilikuwa nini? Mtoto alipewa nafasi ya kujibu, mara nyingi, kila siku. Lakini mradi ulipokwisha, redio nazo zikanyamaza.

Ya pili ni vitabu. Mwaka 1996, huko Busia na Teso, shirika moja la misaada lilizipa shule 25 vitabu vya kiada. Watafiti, mmoja wao Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, waliwalinganisha watoto hao na wa shule nyingine ambazo hazikupewa. Kila mtu alitarajia kwamba alama zitapanda. Hazikupanda kwa watoto walio wengi. Waliofaidika ni wale ambao tangu zamani walikuwa wakiongoza darasa. Kwa nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Walipewa kitabu lakini hawakuweza kukisoma.

Ya tatu ni mwalimu wa kuwafundisha walimu wenzake. Kuanzia mwaka 2001 Wizara ya Elimu ilianzisha mpango wa mafunzo ndani ya shule. Kila shule ya msingi ilitakiwa iwe na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mmoja wa hesabu na mmoja wa sayansi, ambao walisoma kwa vitabu vya mafunzo bila kuacha kazi, wakakutana katika vituo vya walimu siku za likizo, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao. Wazo lilikuwa zuri. Mwalimu hakuhitaji kwenda Nairobi kutafuta ujuzi. Lakini mwalimu wa namna hiyo akihamishwa, ujuzi wake ulipanda matatu pamoja naye.

Ya nne wengi mnaikumbuka, ni Tusome. Kabla yake kulikuwa na majaribio yaliyoitwa PRIMR, kati ya 2011 na 2014. Hapo walifanya jambo la maana sana. Kundi moja la shule lilipata mafunzo ya walimu na mtu wa kuwatembelea darasani. Kundi la pili likapata hayo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. Kundi la tatu likapata hayo yote pamoja na kitabu cha mwongozo kwa mwalimu, kinachomwonyesha somo la kila siku hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kundi lililopata vyote vitatu ndilo lililofanya vizuri kuliko mengine, hata ukitazama pesa zilizotumika.

Mwaka 2015 Tusome ikaanza katika shule za msingi za umma nchi nzima, kwa Kiingereza na Kiswahili. Afisa wa zoni, yule tuliyezoea kumwita tyuta wa TAC, alikuja darasani na tableti. Aliketi nyuma, akatazama somo, akawasikiza watoto watatu wakisoma, kisha akaongea na mwalimu kwa upole. Msaada mkubwa ulitoka Marekani kupitia USAID. Mradi huo nao umekwisha, na mwaka 2025 USAID yenyewe ilifungwa.

MAFIGA MATATU

Mama wanajua sufuria haikai juu ya figa moja. Wala juu ya mawili. Kazi ya mwalimu wa Kiingereza nayo ina mafiga matatu.

Figa la kwanza ni kitabu mkononi mwa mtoto. La pili ni mwongozo mkononi mwa mwalimu. La tatu ni mtu wa kumtazama akifundisha na kuongea naye baadaye.

Figa la kwanza na la pili serikali huleta, hata kama wakati mwingine huchelewa. Tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada vinapelekwa shuleni moja kwa moja. Figa linaloanguka kila mradi unapokwisha ni lile la tatu. Afisa wa zoni ana shule nyingi na nauli ni kidogo. Anaweza kupita shuleni kwenu mara moja katika muhula, au asipite.

Ndipo nasema, mwalimu wa Kiingereza naye anahitaji kikundi. Mzungu akija na mradi, vizuri. Asipokuja, walimu wa shule nne zilizo karibu wanaweza kutazamana na kusaidiana wao wenyewe. Na ninyi mnaojua kazi ya vikundi kuliko mtu yeyote, mnaweza kuwashika mkono.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI

Moja: Wakutanisheni walimu.

Nendeni kwanza kwa mwalimu mkuu. Msiende kama wakaguzi. Mwambieni, "Tungependa walimu wetu wa Kiingereza wakutane na wa shule jirani. Tutasaidia nauli na chai." Mwombeni ampe habari afisa wa zoni, maana walimu wana mwajiri wao na si vizuri kuwaitia mikutano kando.

Mkutano wenyewe uwe hivi. Mwalimu mmoja anafundisha somo la kawaida, na watoto wa kawaida, si somo la kujionyesha. Wenzake wanaketi nyuma. Likiisha, watoto wanakwenda kucheza, walimu wanaketi na kujibu maswali matatu tu. Ni watoto wangapi waliongea Kiingereza wao wenyewe, mbali na kuitikia kwa pamoja? Ni pahali gani walikwama? Ni jambo gani kila mmoja wetu atajaribu darasani kwake kabla hatujakutana tena? Mkutano unaofuata unaanza kwa kila mwalimu kueleza alichojaribu. Wale wanaojua merigoraundi wataona ni kitu kile kile: leo zamu yako, kesho zamu yangu.

Hapo ndipo mmoja atasema, "Mimi ile shida ya l na r niliwapa maneno mawili mawili, wakainua mkono wa kulia wakisikia rice, wa kushoto wakisikia lice." Mwingine ataeleza vile huwapanga watoto wawili wawili ili wote sitini wapate kuongea kwa dakika tano. Ufundi huu hauhitaji mashine.

Sasa pesa. Tuchukue walimu wanane. Nauli shilingi 100 kila mmoja ni 800. Chai na mkate 400. Jumla 1,200. Wakikutana mara tatu kwa muhula ni 3,600. Kwa mihula mitatu ni 10,800. Kikundi cha watu 30 kikigawana, ni shilingi 360 kwa mwaka kwa mtu mmoja, yaani shilingi 30 kwa mwezi. Kwenu nauli inaweza kuwa zaidi. Pigeni hesabu yenu wenyewe.

Mbili: Fungueni kabati.

Nimeona shule ambayo vitabu vya hadithi vilikuwa vimefungiwa kwa kufuli, vipya kabisa, na mchwa wameanza kula upande wa chini. Vilifichwa ili visiharibike. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kikundi kinaweza kununua sanduku la bati na daftari la kuandika nani amechukua nini na lini atarudisha. Mama mmoja au kijana mmoja aje kila Ijumaa kusaidia kuhesabu. Huko Garissa, mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Ikiwa ngamia ameweza, sisi tutashindwa na sanduku?

Na kama vitabu hakuna, vitengenezwe. Mzee mmoja awasimulie watoto hadithi kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu aiandike kwa Kiingereza rahisi, sentensi moja kwa kila ukurasa, watoto wachore picha. Ishonwe kwa uzi kwenye karatasi ya manila. Mtoto anasoma kwa urahisi hadithi ambayo tayari anaijua.

Tatu: Itumieni simu.

Leo kuna vitu vya bure ambavyo wakati wangu hatukuviota. Kuna African Storybook, ambayo ilianzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi fupi za watoto kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kenya, na unaruhusiwa kuzichapa na hata kuzitafsiri. Kuna TESSA, ambayo Open University ya Uingereza iliianzisha na vyuo vya Afrika mwaka 2005. Hiyo ni ya mwalimu mwenyewe, kumwonyesha namna ya kufundisha kusoma na kuongea, na sehemu yake iko kwa Kiswahili. British Council nayo ina masomo ya bure kwa walimu wa Kiingereza.

Shida ya kijijini ni bando na mtandao. Basi kijana mmoja wa kikundi akienda mjini apakue vitu vilivyochaguliwa na walimu, avirudishe kwa memori kadi, walimu wagawane. Hadithi mbili tatu zipigwe fotokopi kila muhula. Lakini msinunue tableti ishirini kwa sababu jirani wamenunua. Kwanza walimu wakutane, halafu wao ndio waseme wanahitaji nini.

Nne: Msikize mtoto akisoma.

Hili ni la kila mzazi, hata asiyejua herufi moja. Jioni mwambie mtoto alete kitabu. Asome kwa sauti dakika kumi. Kisha mwambie, "Sasa nieleze kwa lugha yetu, kumetokea nini katika hadithi hiyo?" Akiweza kueleza, amefahamu. Akishindwa, alikuwa akitaja maneno tu. Umempima, na hukuhitaji Kiingereza.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Pesa zitoke kwa kikundi. Mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mpango huu. Ziandikwe, risiti ziwekwe, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Mwalimu anayetazamwa na wenzake asipelekewe ripoti popote. Akijua kwamba kosa lake litafika kwa mwalimu mkuu kabla chai haijapoa, atafundisha somo la kujionyesha, na mkutano umekufa.

Tena mkutano huu usigeuzwe kuwa mahali pa kutunga na kuuza karatasi za mitihani. Kumpima mtoto hakumfundishi, kama vile kumpima mbuzi kwa mizani hakumnenepeshi.

Na lugha zetu zisipigwe vita. Wengi hapa mnakumbuka kile kibao cha kuvaa shingoni kwa kuongea lugha ya mama shuleni. Kilitufundisha kunyamaza, hakikutufundisha Kiingereza. Mtoto akijua kusoma kwa lugha anayoielewa, tayari amejua kwamba herufi hubeba sauti na sauti hubeba maana. Akija kwa Kiingereza haanzi upya.

Kuna ndugu mmoja hapo nyuma namwona anataka kuuliza, "Mwalimu analipwa mshahara, kwa nini tena tumnunulie chai?" Ni swali la haki. Mshahara unamlipa kwa kazi yake. Lakini mtoto aliye gredi ya tatu leo atafika ya nne mwaka ujao, awe anasoma Kiingereza au hasomi, na yule ni wetu sisi. Shilingi thelathini kwa mwezi hatumpi mwalimu. Tunamwekea mtoto.

Sitaki mwanze na shule kumi. Anzeni na mbili, na walimu wanne. Muhula mmoja tu. Mkiona hakuna kitu, acheni, mnunue mbuzi. Mkiona watoto wameanza kusoma, jirani watakuja wenyewe kuuliza.

Sasa mweka hazina aje na hesabu zake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Shule yetu ina walimu wangapi wanaofundisha Kiingereza? Mara ya mwisho walipata mafunzo lini?

2. Je, kuna vitabu vya hadithi shuleni? Viko mikononi mwa watoto au vimefungiwa?

3. Mwaka uliopita kikundi chetu kilisaidia shule kwa njia gani? Ni figa gani kati ya yale matatu tulilishika?

4. Ni shule gani jirani ambayo walimu wake wanaweza kufika kwetu kwa nauli ndogo?

5. Nani kati yetu atakwenda kuongea na mwalimu mkuu, na atakwenda siku gani?